Funga Pazia Kando, Umwone Mtoto

Leo tuangalie mapazia ya nyumba zetu.

Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Dirishani kuna pazia zito, na katikati ya chumba kuna jingine la kutenga kitanda. Mama akijifungua, yote hufungwa ili mtoto asipigwe na baridi. Kumbe kule nyuma mtoto analala gizani saa sita mchana!

Giza hilo lina hatari. Watoto wachanga wengi huwa na rangi ya manjano siku za kwanza. Mara nyingi huisha yenyewe, lakini ikizidi inaweza kuharibu ubongo. Kwa mwanga wa koroboi ni vigumu kuitambua.

Basi kila asubuhi fanya hivi. Sukuma pazia la dirisha kando kabisa, ulifunge kwa kamba. Ukiogopa kuchunguliwa, tundika kitambaa chepesi cheupe, kwani hupitisha mwanga. Pazia la kitanda likunje juu. Pangusa masizi kwenye kioo. Ukuta unaotazamana na dirisha upake chokaa nyeupe, au utundike shuka nyeupe, ili mwanga urudi hadi pembeni. Fungua na dirisha lenyewe, maana hewa safi hupunguza viini vya kifua kikuu chumbani.

Sasa mfunike mtoto vizuri, umsogeze penye mwanga. Tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Bonyeza ngozi ya pua kwa kidole, uachilie, uone rangi inayobaki.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona manjano kabla hajatimiza saa 24, au ikiwa imefika viganjani na nyayoni. Fanya vivyo hivyo ikiwa mtoto ana manjano na hanyonyi vizuri, au ni vigumu kumwamsha.

Wengine watakuambia umwanike tu juani. Mama, jua la dirishani ni la kukuonyesha ugonjwa, si la kuutibu. Hospitalini kuna taa maalum za samawati za kazi hiyo, na daktari atapima damu ya mtoto ajue kiasi.

Mweleze na jirani aliyejifungua juzi. Kwaheri, hadi wiki ijayo.