Chuma Ndani ya Zege: Funzo la Tokyo na Kobe



Tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita mchana, majiko yakiwa yamekokwa kwa chakula cha mchana, ardhi ilitikisika Tokyo na Yokohama. Walikufa watu zaidi ya 100,000, wengi kwa moto uliofuata. Katikati ya jiji, jengo jipya la Benki ya Viwanda ya Japani lilibaki wima, karibu bila dosari. Mhandisi wake alikuwa Tachu Naito, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Waseda.

Inasimuliwa kwamba Naito, akiwa safarini Marekani, aling'oa vigawanyo vya ndani vya sanduku lake ili apate nafasi zaidi. Sanduku likapondeka. Kabla ya hapo, likiwa na vigawanyo vyake, lilikuwa limevuka bahari salama. Katika benki ile alisimamisha kuta za zege zilizofanya kazi ya vigawanyo hivyo, na fremu ya chuma akaivika zege.

Kwa nini kuivika? Nguzo nyembamba ya chuma ikielemewa hupinda ubavuni kama ufito. Zege likiikumbatia, haipati pa kupindia. Zege nalo likivutwa hupasuka, na hapo chuma ndicho hubeba mvuto. Kwenye moto, chuma kilicho wazi kikifika nyuzi joto 600 hivi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake, ila koti la zege huchelewesha joto lisikifikie. Tena vitu hivi viwili hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana. Naiona hiyo kuwa neema kubwa kwetu wajenzi, maana vinginevyo vingeachana kila jua linapochomoza.

Lakini sifa hizo zisitulevye. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, Kobe ilitikiswa, na watu zaidi ya 6,400 wakapoteza maisha. Jengo la pili la halmashauri ya jiji lilikuwa na ghorofa nane. Za chini zilisimama, za juu zikasimama, ila ya sita ilipondwa katikati, dari likakaa juu ya sakafu. Nguzo za chini zilikuwa na chuma ndani ya zege. Huko juu chuma kilikomea, zikabaki nondo peke yake. Jengo likavunjika kwenye mpito huo. Ni bahati tu kwamba ilikuwa kabla ya saa za kazi. Majengo mengine ya zamani yaliumia kwa sababu chuma chake hakikuwa kizima, bali vipande vyembamba vilivyoungwa mfano wa ngazi.

Wanafunzi wangu, mkiletewa mchoro wa jengo refu, msianze na nguzo ya chini, kwa kuwa hiyo kila mtu ameikagua. Pandeni nayo juu hadi mwone chuma kinakomea wapi, kisha muulize nguzo ya juu yake imeandaliwa nini.