Kazi za Reli na Umeme: Vijana Wetu Tuwapeleke Wapi?

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakufika.)



Leo tunasema juu ya kazi za mshahara, maana fedha za mfuko wa ushuru wa ufuta zipo, vijana wapo, na kila mzazi anatuuliza habari ya reli mpya.

Sote tunaishi kando ya Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 hata ikafika Kigoma 1914. Wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake na mnyapara wake, kazi yao kukaza misumari, kubadilisha mataruma na kufyeka majani. Kijana mwenye nguvu alikwenda stesheni, akaandikwa jina, akaanza kazi. Hakuulizwa cheti. Akapewa na nyumba ya kota.

Hali ile haikukatika siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukaunda Shirika letu wenyewe. Baadaye mizigo ikahamia kwenye malori, mabehewa yakachakaa, wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa kampuni ya India, mambo hayakwenda, Serikali ikairudisha mikononi mwake, na mwaka 2017 Shirika likaundwa upya kwa sheria. Magenge yale hayakurudi kama zamani.

Sasa hii SGR. Treni zilianza kuchukua abiria Dar es Salaam mpaka Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai 2024. Inakwenda kwa umeme. Mataruma yake ni ya zege, na vyuma vimeunganishwa kwa kuchomelewa. Wakati wa kuijenga wakandarasi walichukua vibarua wengi, lakini ujenzi ukipita na kibarua kinapita. Wanaobaki ni fundi umeme, fundi mitambo, watu wa mawasiliano na dereva aliyesomea. Basi tusiwadanganye watoto kwamba waende wakasimame getini.

Na hapa tuseme wazi: kuna watu wanapita vijijini wakidai fedha ili waingize jina la mwanao reli au umeme. Hao ni matapeli. Kazi za mashirika ya umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakulipiwi hata senti.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Zamani msoma mita alipita nyumba kwa nyumba, mwingine akaleta ankara, mwingine akaja na ngazi kukukatia. Ilipoingia LUKU, miaka ya 1990, mambo yakaanza kugeuka. Siku hizi unanunua uniti kwa simu, zikiisha mita inajikatia yenyewe. Kazi tatu zimeingia ndani ya simu moja! Mkutanoni watu walicheka, lakini walioachishwa hawakucheka.

Ila kuna mlango mmoja umefunguka. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umeleta nguzo mpaka vijijini. Waya wa ndani ya nyumba analipa mwenye nyumba. Ni kweli nyumba ndogo yaweza kutumia kile kifaa cha UMETA, lakini mashine ya kusaga, shule na ghala letu vinataka fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni haipatikani bila kusoma. Leo fundi huyo tunamwita kutoka mjini, tunamlipia nauli, analala kwetu na kuku tunamchinjia.

Wengine walisema tununue bodaboda. Hatukatai kwamba zinasaidia, hata wagonjwa zinawabeba. Lakini hapa kijiweni pikipiki zimeshakuwa nyingi kuliko abiria, na kijana akivunjika mguu hana kiinua mgongo kama yule wa genge.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza mfuko ulipe ada ya vijana wawili, msichana na mvulana, wakasomee umeme wa majumbani VETA. Wakirudi, kazi ya kwanza ni ghala, nao watarudisha nusu ya ada kidogo kidogo ili waende wengine. Kura ni Jumamosi baada ya mizani. Majina yapelekwe kwa karani wa ghala kabla ya Ijumaa, pamoja na cheti cha shule. Asiye na cheti aje atuone, yapo madarasa ya jioni.