Breki ya Nyuma Inapovuja Mafuta

Ndugu wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, leo hatuzungumzii funza wa vitumba wala nafasi za kupandia. Leo tunazungumzia pikipiki. Siku hizi pikipiki ndiyo inayopeleka mbegu na dawa shambani, ndiyo inayomkimbiza mgonjwa zahanati, na msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, ndiyo inayobeba magunia kwenda kwenye ghala la chama cha msingi. Mzigo ni mzito, na kinachouzuia ni breki tu.

Niwaeleze yaliyonipata mwenyewe. Siku moja nilikuwa natoka Itilima kurudi Bariadi. Asubuhi ile nilikuwa nimeona unyevunyevu kwenye rimu ya nyuma. Nikaupangusa kwa kitambaa, nikasema nitaangalia Jumamosi. Kwenye mteremko, kundi la ng'ombe likaingia barabarani, na nyuma yake kijana mdogo na fimbo yake. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikabana breki ya mbele peke yake juu ya changarawe, pikipiki ikaanguka, nikateleza hadi mtaroni, hatua mbili kutoka alipo yule mtoto.

Mzee mmoja akaja kuniinua. Nikamwamkia shikamoo. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye unayetuambia tukague pamba kila wiki? Na wewe mwenyewe umekagua nini?" Ndugu zangu, sikuwa na jibu.

Basi, tuanze. Kwanza tambua breki yako. Pikipiki nyingi za vijijini zina breki ya nyuma ya dramu, inayovutwa na rodi ya chuma. Hiyo haina mafuta, na maelezo haya hayaihusu. Nazungumzia breki yenye diski nyuma, ile sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa na kifaa ambacho mafundi wanakiita kalipa. Ndani ya kalipa kuna pistoni. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, nayo inazibana brekipedi kwenye diski. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inafika yote. Yakivuja, upepo unaingia, na upepo unabonyea. Ndiyo maana pedali inazama.

Pili, tafuta panapovuja. Osha kalipa kwa maji na sabuni, iache ikauke, kisha kanyaga breki mara kadhaa na uangalie. Pengine ni kwenye bolti inayounganisha mpira wa breki na kalipa. Hapo badilisha zile wosha mbili za shaba. Za zamani zimekwisha kubonyea. Pengine ni kwenye nipeli ya kutolea upepo. Ikaze kidogo tu, na ikiendelea kuvuja, nunua mpya. Kama mpira wenyewe umepasuka, nunua mwingine. Usiufunge kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Tyubu inafaa kufungia mzigo. Msukumo wa mafuta ya breki itaushindwa.

Tatu, kama mafuta yanatoka kuzunguka pistoni, basi raba zake zimechoka. Kazi hii inafanyika nyumbani, lakini kama hujawahi kuifanya, mwite fundi akae karibu nawe. Usijifunze breki peke yako. Na kama kalipa yako ina pistoni mbili au zaidi, ipeleke kwake moja kwa moja.

Tandika turubai safi, mbali na vumbi. Fungua kalipa kwenye diski ukiacha mpira wake umeungwa, toa brekipedi, weka kitambaa mbele ya pistoni, kisha kanyaga pedali pole pole. Pistoni itatoka yenyewe. Vidole vyako viwe mbali! Ikitoka, fungua mpira na ukinge mafuta yanayomwagika.

Sasa itazame pistoni juani. Iwe laini pande zote. Ikiwa na kutu, mashimo au michubuko, badilisha pistoni pia, la sivyo raba mpya itavuja vilevile. Kwa kijiti cha mti, siyo bisibisi, toa raba zote mbili: ya ndani inazuia mafuta, ya nje inazuia vumbi na ule udongo wetu mweusi wa mbuga. Safisha vijia vyake kwa mafuta mapya ya breki. Usitumie petroli, dizeli wala mafuta ya taa, maana yanaharibu raba. Paka raba mpya mafuta ya breki, siyo grisi, zipachike bila kuzipinda, kisha sukuma pistoni kwa mkono ikiwa imenyooka.

Brekipedi zilizolowa mafuta zitupe. Hata ukizikausha juani, hazitashika tena vizuri.

Nne, funga kila kitu mahali pake, halafu utoe upepo. Soma mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki. Umeandikwa DOT 3 au DOT 4. Nunua iliyoandikwa hapo. Usijaze oili ya injini wala mafuta ya kupikia, yataharibu raba zote. Na chupa iliyokaa wazi muda mrefu usiitumie, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani.

Jaza kikopo. Chomeka kimpira kwenye nipeli, ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage na kushikilia, wewe fungua nipeli, funga, ndipo aachie. Rudieni mpaka mapovu yaishe. Kikopo kisikauke katikati ya kazi, la sivyo mtaanza upya.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe, na usiyamwage karibu na kisima. Ni sumu. Yasikae kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa. Tahadhari ni ileile tunayoijua kwa dawa ya pamba.

Mwisho, jaribu. Kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika moja. Pedali isizame, na pasiwe na tone lolote. Achia, gurudumu lizunguke bila kukwama. Halafu endesha bila mzigo, mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona shaka yoyote, isukume kwa fundi. Usiiendeshe.

Ndugu mkulima, tunakagua pamba kila wiki kwa sababu funza hangoji Jumamosi. Breki nayo haingoji. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, tazama kikopo, tazama rimu, kanyaga pedali. Yule kijana wa ng'ombe alirudi nyumbani salama kwa bahati tu, siyo kwa breki zangu. Wewe usitegemee bahati.