Somo Halina Ukuta

Msikilizaji, ukitembea leo kutoka Huruma hadi Langas, hapa Eldoret, ukipenyapenya kwenye shule za umma zilizo njiani, utajua nani alijenga nini bila kumuuliza mtu. Majina yapo ukutani. Darasa hili ni la hazina ya eneo bunge, lile ni la kaunti, tangi la maji lina nembo ya mfadhili, na choo nacho kimeandikwa jina la mheshimiwa kwa rangi inayong'aa kuliko choo chenyewe. Ukuta una bahati hiyo, unaandikika. Somo la dakika 35 halina ukuta. Likiisha, mwalimu anafuta ubao, kengele inalia, na hakuna utepe wa kukata.

Ndiyo maana, nadhani, tunachangia karibu kila kitu shuleni isipokuwa ufundishaji wenyewe.

Sisi wa Eldoret si wachoyo. Mwezi wa Januari foleni za fomu za basari zinaanza alfajiri, na harambee ya karo ikiitishwa, hata mtu wa bodaboda anatoa mia yake. Tunayo pia misaada ya kitaifa: Wings to Fly ya Equity tangu 2010, na Elimu Scholarship iliyokuja na mkopo wa Benki ya Dunia. Sina ubaya na fedha hizo. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hafundishiki, hata mwalimu wake awe malaika. Lakini chukua mwalimu wa hisabati wa Gredi ya Tano, hapo Munyaka au Maili Nne, aliyekaa usiku akafikiri kwamba sehemu zingeeleweka kama kila kundi la wanafunzi lingekuwa na mizani ndogo na kilo mbili za mahindi. Apeleke wapi wazo hilo? Kwa mwalimu mkuu, atakayemwambia, "Ni wazo zuri sana, mwalimu, liandikie barua." Barua inaandikwa, inatiwa kwenye faili, na faili linalala.

Simlaumu mwalimu mkuu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki za masomo, haifiki shilingi 40 kwa wiki, na humo mna chaki, stima, maji, mlinzi na dirisha lililovunjwa na mpira. Na fedha zenyewe huja zikiwa zimechelewa. Kwenye bajeti ya namna hiyo, mizani ya kupimia mahindi inaonekana kama anasa.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020, na fedha ziliingia kwenye akaunti mbili. Moja iliitwa SIMBA, ya vifaa vya kufundishia, ikipata 650. Nyingine ilikuwa ya matumizi ya kawaida, ikipata 370. Napenda jina hilo, Simba, ingawa lilitokana tu na herufi za Kiingereza. Shule ilikuwa na kamati yake ya kuchagua vitabu, walimu na wazazi wakikaa meza moja na kubishana. Kulikuwa na wizi, sikatai. Vitabu vilinunuliwa kwa bei za ajabu, na vingine havikuonekana kamwe. Kwa hiyo mwaka 2018 serikali ikaanza kununua vitabu yenyewe na kuvisambaza moja kwa moja hadi shuleni. Bei ikashuka, na hilo ni jema. Lakini mwalimu alipoteza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ripoti yoyote, ile nafasi ndogo ya kusema, "Darasa langu linahitaji hiki, si kile."

Halafu tukapata vishikwambi. Hadithi hiyo inatuhusu kuliko miji mingi, kwa sababu Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na kampuni ya Kireno ya JP Sá Couto, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi, na kiwanda cha kuviunganisha kikawekwa hapa hapa Eldoret. Kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa kwenye shule za msingi nchini. Nenda shule iliyo karibu nawe uulizie viko wapi. Mara nyingi utaonyeshwa mlango wenye kufuli mbili, dirisha lililotiwa vyuma, na kabati la chuma ndani yake. Tulinunua kifaa kwanza, kisha tukamtafutia mwalimu wazo la kukitumia. Mwenye kununua jembe kabla ya kujua kama shamba lake ni la mpunga au la miwa atashangaa mwenyewe.

Sasa twende Nakuru kidogo, kwenye kijiji kinachoitwa Pwani. Pwani hii haina bahari, ina vumbi na ukame. Ndipo ilipo shule ya kutwa ya Keriko, alikokuwa akifundisha hisabati na fizikia Ndugu Peter Tabichi, Mfransisko. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wengine wakazalisha umeme kutokana na mimea ya kwao. Machi 2019, huko Dubai, Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Taifa zima lilishangilia, na habari iliyorudiwa zaidi ni kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa ajili ya wanafunzi na jamii.

Tulimsifu kwa ukarimu. Mimi, nikisikia ile asilimia 80, niliona aibu. Maana yake ni kwamba katika nchi yenye wizara, tume, hazina za maeneo bunge, kaunti 47 na wafadhili wasiohesabika, mfuko wa ubunifu wa darasa ulikuwa ni mfuko wa suruali ya mwalimu. Dola zilikuja baadaye, kazi ilipokwisha kuonekana. Ni wangapi mfuko wao ulitoboka kabla Dubai haijawaona?

Mtu ataniambia ruzuku zimewahi kuwepo. Kweli. Kuanzia 2015 mradi uliojulikana kama PRIEDE, wa dola milioni 88.4 kutoka mfuko wa kimataifa wa elimu kupitia Benki ya Dunia, ulizipa shule 4,000 fedha za kutekeleza mipango yao ya maendeleo. Ulikuwa mradi mzuri kuliko mingi, kwa kuwa shule ilijipangia yenyewe. Lakini mpango ulikuwa wa shule na bodi yake, na bodi hupenda vitu vya kugusa. Wazo la kufundisha huzaliwa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Tume ya walimu, TSC, ikimhamisha mtu huyo, wazo linapanda naye matatu.

Hapo Iten, mwendo usiofika saa moja kutoka hapa, tuna mfano wa kinyume. Mwaka 1976 alifika shule ya St Patrick's Ndugu Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alianza kuwasaidia vijana kukimbia, akajaribu hili na lile, akakaa. Amekaa mpaka Peter Rono akaleta dhahabu ya mita 1,500 kutoka Seoul mwaka 1988, na David Rudisha akakimbia mita 800 London kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mwaka 2012. Miaka 36 kati ya safari ile na mbio zile! Hakuna mfadhili wa miezi 18 mwenye subira hiyo.

Basi ninachoomba ni kidogo. Mji wetu ulitawazwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Una vyuo vikuu viwili vya umma, mabingwa wa riadha wenye majumba ya kupangisha, na wafanyabiashara wanaojua kuhesabu. Serikali ilipojenga madarasa 10,000 ya mtaala mpya, bajeti ilikuwa shilingi bilioni 8, yaani kama laki nane kwa chumba. Kwa bei ya vyumba viwili, walimu 50 wangepata shilingi elfu thelathini kila mmoja, za kujaribu wazo lake darasani.

Najua mnachofikiria: zitaliwa. Basi zisitolewe taslimu. Mwaka 2000 mwalimu wa historia kule Bronx, New York, Charles Best, alianzisha DonorsChoose. Mwalimu anaeleza anachotaka kufanya na darasa lake, wachangiaji wanachagua, na shirika linanunua vitu na kuvipeleka shuleni. Mwalimu hashiki senti. Mizani ni mizani, haiwezi kugeuka nyama choma.

Waamuzi wasiwe wanasiasa, tafadhali. Wawe walimu wenyewe, wakiwemo wawili watatu waliostaafu, maana hao ndio wanaojua kutofautisha wazo na maneno matamu. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, na isihitaji muhuri wa watu sita. Vifaa vibaki shuleni mwalimu akihamishwa, na aandike daftari la alichojaribu, ili anayekuja baada yake asianze na kabati lililofungwa. Na jaribio likishindikana, aandike hivyo bila kuitwa ofisini kujieleza. Hilo la mwisho litakuwa gumu kwetu kuliko fedha.

Nani atachangia kitu kisicho na ukuta wa kuandika jina? Nimelifikiria. Daftari lile lina jalada. Jina la mfadhili linaweza kuandikwa hapo kwa kalamu, chini ya jina la mwalimu.