Nyumba ya Kilimani: Tuibomoe au Tulale Humo?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika bwalo la shule)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu tuliopita hapa, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti tumevikalia sisi.

Mwenyekiti amenipa dakika 20 na ameniomba sana nisizungumzie maktaba. Nimekubali, ingawa kwa mtu aliyefanya kazi ya ukutubi maisha yake yote ombi hilo ni gumu kidogo. Nitazungumza juu ya nyumba, na nyumba yenyewe mmeiona asubuhi hii mlipokuwa mkishuka kwenye magari. Ni ile ya matofali ya kuchoma huko juu, nyuma ya mikaratusi, yenye dohani mbili na baraza ndefu inayotazama barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Tangu wakuu wa shule walipoanza kukaa katika nyumba mpya karibu na ofisi, ile ya kilimani haina mtu. Ina popo, na upande wa jikoni ina mchwa.

Bodi ya Shule imetuuliza sisi wanafunzi wa zamani tuna maoni gani. Wapo wanaosema ibomolewe, matofali yake yajenge uzio. Wapo wanaosema akabidhiwe mfanyabiashara, aifanye hoteli. Mimi nasimama kuleta shauri la tatu, nalo ni hili: tuitengeneze iwe nyumba ya kulala makundi. Nasema makundi kwa makusudi. Hoteli humkodisha mtu chumba na kumletea chai. Nyumba ya makundi huchukuliwa nzima: darasa zima, kwaya nzima, ukoo mzima, au sisi wenyewe tunapokutana kama leo. Wanaoichukua hupika wenyewe, hufagia wenyewe, na siku ya tatu hurudisha ufunguo.

Nianze na lile linalosemwa kwa sauti ya chini pale nje kwenye miti. Wenzangu wengine wanasema: ile ni nyumba ya mkoloni, acheni ianguke. Nawaelewa. Siku zetu hakuna mwanafunzi aliyepanda kule bila fyekeo mkononi. Mlango wa mbele tuliuona kwa mbali tu. Mlango wa jikoni tuliufahamu vizuri zaidi, maana ndiko tulikopeleka kuni. Lakini matofali yale hayakutoka Ulaya. Udongo ulichimbwa bondeni, ukafyatuliwa na kuchomwa na watu wa vijiji hivi, baba zetu na babu zetu, na majina yao hayakuandikwa popote. Tukiibomoa, hawatapata chochote. Tukimpa mfanyabiashara, wajukuu wao watarudi kulekule kwenye mlango wa jikoni.

Wala isidhaniwe kwamba majengo makubwa katika nyanda hizi yalianza na Wazungu. Kabla ya nyumba hizi palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, yenye ukuta mrefu wa mawe. Wajerumani waliivunja kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Watu wa huko husema jina la Tosamaganga, kilima kilicho jirani, lilitokana na siku hizo, maana yake ni kutupa mawe. Kwa hiyo yupo miongoni mwetu anayejua jengo kubwa likivunjwa hubaki nini: hubaki hadithi, na mzee wa kuisimulia, na siku moja mzee naye huondoka.

Kinyume cha hayo tunakiona Iringa mjini. Boma la zamani lilijengwa wakati wa Wajerumani, lisemwavyo kuwa ni hospitali ya askari wao. Waingereza wakalifanya ofisi, na baada ya Uhuru likaendelea kuwa ofisi. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya nyanda hizi, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa na msaada wa fedha kutoka Umoja wa Ulaya. Mtoto wa Kihehe huingia leo kwa mlango uleule ambao zamani babu yake aliuingia akiwa ameshika kofia mikononi. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko kubomoa.

Basi nije kwenye nyumba iliyonifundisha jambo hili, nayo iko mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilipelekwa kusoma ukutubi Aberystwyth, katika Wales. Vijana, Wales ni nchi ya milima, mvua na kondoo, upande wa magharibi wa Uingereza, na watu wake wana lugha yao wenyewe ambayo Waingereza hawaielewi hata kidogo. Mtu wa Mufindi akiamshwa huko mwezi wa Julai angedhani yuko nyumbani, isipokuwa hangeona chai shambani.

Majuma machache baada ya kufika, tulipakiwa ndani ya basi darasa zima tukapelekwa mahali paitwapo Gregynog, karibu na mji wa Newtown. Tuliona nyumba kubwa mno, nyeupe, yenye mbao nyeusi ukutani zilizopangwa kwa mapambo. Nilipoigusa nikakuta si mbao. Ni saruji iliyopakwa rangi! Ilijengwa hivyo katika karne ya 19, saruji ilipokuwa jambo geni la kujivunia, na hadi leo watu huja kuitazama kwa sababu hiyo. Nikajisemea kwamba kumbe hata wakubwa wa Ulaya nao wana mambo yao ya kujionyesha.

Historia yake inafaa kusikilizwa na kila mtu mwenye fedha katika bwalo hili. Palikuwa na mpasua mbao mmoja wa kijiji cha Llandinam, jina lake David Davies. Alitoka kwenye msumeno akaingia katika ujenzi wa reli, kisha katika makaa ya mawe na bandari ya Barry, akafa tajiri. Wajukuu wake wawili wa kike, Gwendoline na Margaret, hawakuolewa. Mwaka 1920 waliinunua Gregynog wakitaka iwe mahali pa sanaa. Wakaweka mtambo wa kuchapa vitabu vizuri, wakaita waimbaji, wakatundika kutani picha za Monet na Cézanne. Gwendoline alifariki mwaka 1951. Mwaka 1960 Margaret aliikabidhi nyumba kwa Chuo Kikuu cha Wales, akaendelea kukaa humo mpaka alipofariki mwaka 1963. Picha zilikwenda makumbusho ya taifa, Cardiff, ambako kila mtu anaweza kuziona. Nyumba ikabaki kwa wanafunzi.

Na sisi ndio tuliokuwa wanafunzi wenyewe. Mnigeria, Mmalaysia, Mkenya, Waingereza wachache, na Mtanzania mmoja aliyevaa sweta mbili. Asubuhi tulisoma, mchana tulitembea msituni, jioni tulikaa mbele ya moto. Palikuwa na mwalimu wetu mmoja ambaye chuoni hakusema na mtu ila juu ya orodha za vitabu. Kule Gregynog, usiku wa pili, alitueleza jinsi alivyopigwa viboko shuleni kwa kusema lugha ya kwao. Nikamweleza nami habari za hapa na kibao tulichovishwa shingoni kwa kosa hilohilo. Tangu siku ile hatukuwa tena mgeni na mwenyeji. Mambo ya namna hiyo hayasemwi darasani, na hayasemwi hotelini ambako kila mmoja ana ufunguo wake mfukoni.

Nataka mniangalie vizuri hapo. Wales ilikuwa na majumba makubwa kama hayo mengi sana, na katika karne iliyopita mengi yalibomolewa kwa sababu wenyewe walishindwa kulipia paa. Baadhi ya yaliyobaki yalipona kwa njia hii ninayoisema: yanakodishwa mazima kwa familia zinazokutana, kwa shule, kwa kwaya. Gregynog yenyewe mwaka 2019 iliingia chini ya mfuko wa hisani unaojitegemea. Nyumba kubwa ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimwacha bila kumkamua hatakushukuru, atakuugulia.

Kama mtu anaona Wales ni mbali, apande basi hadi Tunduma, avuke, aendelee na barabara ile ya Zambia kupita Chinsali. Kabla ya Mpika atakuta njia ya kwenda Shiwa Ng'andu. Kule Mwingereza mmoja, Stewart Gore-Browne, aliyeliona ziwa hilo mwaka 1914, alirudi mwaka 1920 akajenga jumba la matofali kama ya kwetu, lenye maktaba, mnara na bustani, wakati ambapo reli ilikuwa mbali na vitu vingine vilifika kwa mitumbwi na vichwa vya wapagazi. Alikuwa mtu wa hasira, Wabemba wakamwita Chipembele, yaani kifaru. Hata hivyo alisimama upande wa Waafrika katika siasa, na alipofariki mwaka 1967 Serikali ya Rais Kaunda ilimzika kwa heshima ya taifa. Jumba lake liliishi kwa fedha za shangazi yake na kwa mafuta ya manukato ya michungwa. Michungwa ilipokufa kwa ugonjwa, jumba nalo likaanza kuugua, na lilikuwa limechakaa vibaya wajukuu walipolitengeneza na kuanza kupokea wageni wa kulala. Walitegemea mfuko mmoja na zao moja. Ndiyo maana siafiki ile nyumba yetu ategemewe mfanyabiashara mmoja, hata akiwa mwanachama mwenzetu, na hata akiwa ameketi mstari wa mbele.

Sasa, nani atalala humo? Swali hili liliulizwa kwenye kamati, na aliyeuliza alikuwa na haki. Jibu linapita hapa barabarani kila mwaka. Shule za Mbeya hupeleka wanafunzi Kalenga, na Isimila kutazama zana za mawe za watu wa kale, na wenye uwezo hufika Hifadhi ya Ruaha. Shule za Iringa huenda upande wa Mbeya kuona kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu na ziwa Ngozi. Watoto hao hulala wapi? Hulala sakafuni madarasani, katika baridi hii tunayoijua, au husafiri usiku kucha ili kukwepa gharama, na barabara hii ya malori usiku hakuna mzazi asiyeiogopa. Mkuu wa Shule ni shahidi kwamba mwaka jana alipokea maombi ya kulala ya shule tatu, akawapa bwalo hilihili. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha.

Kuhusu ukarabati nitasema machache, maana mafundi wapo humu. Paa ndilo la kwanza; bila paa msinunue hata msumari wa dirisha. La pili ni maji ya mvua yapelekwe mbali na msingi. La tatu ni kuta, na hapa naomba tusikilizane: matofali yale ni laini na yamejengwa kwa udongo. Upande wa mashariki mtu alipiga lipu ya saruji, na ni upande huo huo unaobanduka, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na tofali huoza likiwa limevaa koti. Ukuta wa namna ile unataka chokaa. Chokaa ni rahisi, ila inataka fundi mwenye subira, na fundi wa namna hiyo tunaye mmoja, mzee wa kijijini hapa. Yupo tayari kufundisha vijana wa kidato cha tatu wanaosoma ufundi. Afundishe sasa angali na nguvu.

Nyumba ibaki mali ya shule. Hatutaki hati, hatutaki jina la mtu juu ya mlango. Iwe na mtunzaji anayelipwa, na kitabu cha wageni, na daftari la fedha ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifungua akalisoma. Wanakijiji waitumie kwa harusi na misiba kwa ada ndogo. Mlango wa mbele ufunguliwe, na ule wa jikoni utumike kutoa majivu.

Ndugu Mwenyekiti, naona umekwisha kutazama saa mara mbili. Naomba mkutano huu uiandikie Bodi leo kwamba nyumba isibomolewe wala isikodishwe kwa muda wa mwaka mmoja. Katika muda huo sisi tutaezeka, na kwa kuanzia, Mkuu wa Shule ameturuhusu watu 20 tulale humo siku tatu mwezi Juni, pamoja na fundi wa paa, tuhesabu kila palipo na kasoro. Kila mtu aje na blanketi mbili, sufuria na mchango wake. Orodha iko kwa Mtunza Hazina, mlangoni. Chumba kisichovuja ni kimoja tu, na mtaona nimekwisha kuandika jina langu hapo.