Shule na Moto wa Roho: Tumkumbuke Profesa Gordon Fee

Masomo: 2 Timotheo 2:15, 3 Yohana 1–2, Isaya 49:15–16



Katika makanisa yetu wako wanaosema kwamba mwenye Roho hana haja ya masomo, kwa maana masomo yanazima moto. Leo tunajibu neno hilo kwa maisha ya mzee mmoja, Profesa Gordon Fee, aliyelala katika Bwana tarehe 25 Oktoba 2022, akiwa na miaka 88.

Alizaliwa Marekani mwaka 1934, baba yake akiwa mchungaji wa Assemblies of God. Naye aliwekewa mikono katika kanisa hilo hilo. Alijifunza Agano Jipya katika Kiyunani mpaka akapata udaktari, na tangu 1986 alifundisha Regent College, mjini Vancouver, Kanada, mpaka alipostaafu. Je, masomo yalimzima? Mwaka 1994 alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 900 juu ya Roho Mtakatifu katika nyaraka za Paulo. Alibaki Mpentekoste.

Alifundisha jambo hili: tusilipe andiko maana ambayo mwandishi na wasomaji wake wa kwanza wasingeweza kuielewa. Chukueni 3 Yohana 2. Mara ngapi tumesikia mstari huo ukihubiriwa kama ahadi ya gari, nyumba na mwili usiougua? Fee alionyesha kwamba pale Yohana anamsalimu Gayo na kumtakia heri, kama barua za wakati ule zilivyoanza. Hata sisi tukimwandikia ndugu aliye Kalemie, tunaanza kwa kumtakia uzima. Salamu hiyo ni njema, lakini si hati ya kumdai Mungu utajiri.

Wapendwa, jambo hili si la wasomi tu. Mama muuza samaki anatoa mtaji wake wote kuwa «mbegu» kwa sababu ya mstari uliosomwa vibaya. Biashara ikianguka, anaambiwa hana imani, na watoto wanalala njaa. Mhubiri anayejifunza Neno kwa bidii analinda kundi la Bwana.

Katika uzee wake Fee alishikwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaoondoa kumbukumbu polepole. Mwalimu aliyejaa Maandiko akaanza kusahau. Je, Bwana alimwacha? Hasha! Isaya anatuambia kwamba hata mama akimsahau mtoto anyonyaye, Mungu hawasahau walio wake. Amewachora viganjani mwake. Tunaokolewa kwa sababu Yeye anatukumbuka, hata siku ile sisi tutakaposahau majina ya watoto wetu. Basi, mzee wa nyumbani akianza kusahau na kusema ovyo, tusimwite mchawi. Tumwoshe, tumlishe, tumwombee.

Juma hili, kila nyumba isome 3 Yohana yote. Ni sura moja tu. Tuulize: nani anamwandikia nani, na kwa sababu gani? Kisha tupige magoti.

Tuombe: Ee Bwana, tupe moto wa Roho wako na bidii ya kujifunza Neno lako. Uwakumbuke wazee wetu waliosahau. Katika jina la Yesu, amina.