Kichwa cha imeli ndiyo mlango wa kazi



Siye tuliotoka kambi za Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025, tukarudi Sake na Masisi, simu ndiyo inatuunganisha. Tulipotafuta mafundi wa kujenga nyumba za wajane, tuliwatumia vijana wetu imeli. Kwa obje, ni kusema kichwa chake, tuliandika: «Nafasi ya kazi, haraka sana!!!»

Hakuna aliyejibu. Kumbe waliogopa. Wezi wanaandika vilevile: leo kazi, kesho dola tano za «dosye», keshokutwa namba haipatikane tena.

Tukabadilisha: «Masoni 6, Sake, siku 15, mwisho Ijumaa». Majibu yakaja. Hata mama mmoja aliandika juu ya kijana wake.

Basi tulijifunza hivi. Kazi itangulie, juu simu ndogo inaonyesha maneno machache tu ya mwanzo. Kisha mahali: mutu aliyerudi anapima njia na usalama mbele ya kuuliza mushahara. Kisha siku ya mwisho. Musiandike herufi kubwa tupu. Musiahidi kwa kichwa kitu kisichokuwa ndani. Na ndani, tieni jina la chama na neno hili wazi: hatuombe mutu makuta ili apate kazi.

Wafadhili, mukitutumia matangazo, fanyeni vile pia. Mutu aliyedanganywa mara moja hafungue barua ya pili.